Pipa la Nywele za Chuma

Maabara, 3 Februari

Kaka,

Gunia lako la pili limefika. Dereva wa lori alilibwaga mlangoni kama mzoga akaniuliza, "Dada, hii takataka mnaila au mnailalia?" Nikamjibu tunaipiga nyundo. Akaondoka bila kuaga.

Nilijaribu kukupigia simu kwanza. Uliuliza "Nani?" mara tisa, kisha ukamwambia mtu aliyekuwa karibu yako kwamba ni mwizi. Kwa hiyo naandika, na barua nitakuwa nampa huyo huyo dereva.

Boriti nne nilizochanganya na nywele za chuma za gunia la kwanza, zile nyuzi zinazochomoka chuma kikikerezwa kwenye mashine, nimezivunja jana. Hujawahi kuona, basi nikueleze. Boriti ya zege, ndefu kama mguu wako kutoka nyonga mpaka kisigino, inalazwa juu ya vyuma viwili, kimoja kila ncha. Juu yake, kati ya reli mbili, linaning'inia pande la chuma la kilo arobaini. Navuta mnyororo mpaka pande lifike alama ya mita moja, naachia. Nahesabu mapigo mpaka boriti ikatike. Zege tupu hukatika kwa pigo la pili, kwa sauti ya mfupa. Naijua sauti hiyo, na wewe unaijua, tulikuwepo wote wawili. Lori lilirudi kinyumenyume na mzigo mrefu, likagonga boriti ya mlango wa ghala mara moja tu. Haikupinda, haikutoa onyo. Ilikatika, na baba alikuwa chini yake.

Nywele zako zimenifikisha pigo la tano. Haitoshi. Nilipopasua vipande nikakuta nywele hazikukatika, zimechomoka nzima nzima, zinateleza kwa mafuta. Yale mafuta mnayomwagia chuma kinapokerezwa ndiyo yananiangusha, maana zege halishiki kitu chenye mafuta. Nakuomba zioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili. Kisha zikaushwe, zikatwe urefu wa kidole kidogo.

Najua naomba mengi. Lakini takataka hii mnairudisha kwenye tanuri kila siku. Kwangu inaweza kushika ukingo wa daraja basi linapougonga.

Mdogo wako anayehesabu mapigo


Kiwandani, 9 Februari

Mdogo wangu, Daktari wa Zege,

Samahani kwa wino kuchafuka. Mkono wa kushoto unafuta unachoandika. Na usinipigie simu tena. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikufa zamani, miaka kumi na minne kando ya tanuri. Hapa tunaongea kwa mikono. Kila mtu ana ishara yake. Mlisha tanuri, rafiki yangu Sultani, ukimtaja unajivika taji kichwani, kwa sababu anakaa mbele ya moto kama mfalme. Ukinitaja mimi unagonga sikio mara mbili. Hata meneja akinitafuta anagonga sikio.

Kazi yako nimempa Mama Masizi, yule anayefagia karakana ya kukereza. Amecheka mpaka akashika ukuta. "Nimeosha watoto, nimeosha maiti, nimeosha masufuria ya harusi za watu. Leo naosha chuma! Mwambie dada yako akitaka nisuke mabutu pia aseme mapema." Lakini anaosha vizuri kuliko nilivyotegemea. Ana mabeseni matatu nyuma ya karakana, na anakatia mkasi wa bati.

Sikiliza jambo moja. Meneja hajui. Nywele ndefu na safi ndizo zako. Fupi na zilizojisokota, nazo zikiwa zimeshaoshwa, tunazirudisha kwenye pipa la tanuri, hakuna mahali pengine pa kuzificha. Na tanuri halitaki maji. Maji yakinaswa chini ya uji wa chuma yanageuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, yanapasua kila kitu. Nywele zikijisokota zinashika maji kama sifongo. Kwa hiyo Mama Masizi anaanika zote kwenye bati juani siku nzima, zako na mabaki. Ndiyo maana nachelewa, siyo uvivu.

Sultani anamchokoza kila akipita, eti amefungua saluni. Jana alilipiga teke beseni lake. Mama akamrushia ufagio, ukampata sawasawa.

Kaka yako, Sikio


Maabara, 18 Machi

Kaka,

Pigo la thelathini na nane.

Nimeliandika peke yake ili ulisome peke yake. Kutoka tano mpaka thelathini na nane, kwa chuma kile kile, sabuni tu imeingia katikati. Pigo la sita lilileta ufa mwembamba kama unywele. Nikangoja ufunguke. Haukufunguka. Nikapiga tena, tena, nikaona nywele zako zimeng'ang'ania pande zote mbili za ufa, zinavutwa, hazitoki. Kufikia pigo la ishirini viganja vyangu vilikuwa vimechubuka kwa mnyororo na watu wa maabara nzima wameacha kazi zao. Naona haya kukuambia nilivyojisikia. Nilitaka ikatike, na nilitaka isikatike, na kila nilipoachia pande nilikuwa nimeuma meno kama mtu anayempiga adui yake. Ilipokatika, haikuanguka. Vipande viwili vilibaki vimeshikana. Profesa wa maabara akasema, "Msichana, umeiua au imekuua?" Nikamwonyesha viganja.

Sasa, kaka. Wakaguzi wa barabara wanakuja tarehe 23 Aprili. Wanataka kuona boriti kubwa, za kipimo cha ukingo wa daraja. Zege linahitaji siku ishirini na nane kukomaa, kwa hiyo lazima nilimwage tarehe 26 mwezi huu, siyo siku moja zaidi. Nahitaji magunia mawili yaliyooshwa kufikia tarehe 24.

Najua mvua imeshika huko kama huku. Usisubiri jua. Niletee zikiwa zimelowa hivyo hivyo, maabara ina oveni, nitazikausha mimi. Usiniambie haiwezekani. Wakaguzi wakiondoka bila kuona, hawarudi, na ukingo unaofuata utajengwa kwa zege la pigo la pili.

Mdogo wako


Kiwandani, 23 Machi

Mdogo wangu,

Magunia mawili hayo, yanachuruzika maji. Dereva amegoma kuyapakia mpaka nilipoyafunga kwa nailoni. Kwako hakuna kuchelewa. Tumeosha siku mbili mfululizo chini ya mvua, Mama Masizi amejifunika turubai kama mzimu.

Nilimwambia asianike, apakie tu, amalize, ayafunike mabeseni meneja asije akapita. Alininung'unikia kitu akionyesha mapipa. Sikusikia, na mikono ilikuwa imejaa. Nikamwashiria ndiyo, ndiyo, fanya haraka.

Wavunjie boriti hizo mbele ya macho yao.

Sikio


Maabara, 26 Machi

Kaka,

Nimemwaga zege leo. Boriti sita, kalibu zimejaa mpaka pomoni. Nywele zilitoka kwenye oveni zimekauka, zinalia chakachaka kama mchele. Nimezishika kwa mikono mitupu, zimenikata vidole kumi vyote, na sikujali. Mwambie Mama Masizi hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kuosha chuma kama yeye. Mwambie nitakuja kumshukuru mwenyewe, na nitakuja na mabutu ya kusuka.

Mdogo wako mwenye furaha


Kiwandani, 27 Machi

Mdogo wangu,

Sultani amekufa.

Ilikuwa juzi, saa nne asubuhi. Alipindulia pipa la nywele kwenye mdomo wa tanuri kama kila siku. Mlipuko sikuusikia. Niliuhisi kifuani, kama mtu amenipiga teke kwa ndani. Hewa yote ikawa nyekundu. Uji wa chuma uliruka mpaka kwenye mabati ya paa, ukatunyeshea. Sultani alibaki wima, vazi lake la ngozi linawaka. Akatembea hatua tatu kuelekea ndoo ya mchanga, kwa utulivu, kama mtu anayefuata kiti. Kwenye hatua ya nne aligeuka nikamwona. Hakuwa na uso. Nilimbeba mimi. Ngozi ya mikono yake ilibambuka ikabaki mikononi mwangu.

Mimi nimeungua shingo na mgongo. Nitapona.

Watu wakafungua pipa la pili, wakakuta nywele zimelowa, chini kuna povu la sabuni. Wakaenda nyuma ya karakana wakakuta mabeseni. Wakakumbuka kuwa siku moja kabla Mama Masizi alimwambia Sultani mbele ya wote, "Hilo tanuri litakumeza wewe na kiburi chako," kwa sababu alimmwagia beseni tena. Maneno ya kila siku. Lakini mtu akifa, ya kila siku yanakuwa kiapo.

Walimpiga kwa makoleo na mabuti. Polisi walimtoa chini ya miguu ya watu. Wanasema alitia maji makusudi. Yuko hospitali chini ya ulinzi, na kesi ni ya kuua.

Choma barua zangu zote. Usinijibu juu ya hili.

Sikio


Maabara, 31 Machi

Kaka,

Nakujibu.

Nimesoma barua yako nimesimama kando ya tangi. Boriti zangu zimelala ndani ya maji, zinakomaa salama. Nimekaa chini sakafuni mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimeanguka.

Aliponung'unika akionyesha mapipa, alikuwa anakuuliza kuhusu mabaki. Unajua hivyo. Alijua kazi yake kuliko mimi na wewe. Ulimwambia ndiyo. Na wewe ulisema ndiyo kwa sababu mimi niliandika usisubiri jua. Ulishanieleza tanuri halitaki maji, kwa maneno yasiyofichika, na mimi nikafikiria magunia yangu tu. Pipa halikunipita akilini hata kidogo. Nina digrii mbili, kaka.

Sichomi kitu. Twende pamoja kwa mpelelezi. Mwanamke huyo hakuua.

Na jambo jingine. Umeandika "walimpiga". Wewe ulikuwa wapi?

Mdogo wako


Kiwandani, 4 Aprili

Wewe,

Nilikuwa wapi? Nilikuwa naungua. Nilikuwa nimekumbatia rafiki yangu asiye na midomo, anajaribu kuniambia kitu, na mimi sisikii. Ndipo nilipokuwa.

Digrii zako mbili zilinunuliwa na masikio yangu. Baba alipokufa mimi niliacha shule nikaingia kwenye moto huu ili wewe usome. Sikukudai. Leo nakudai kimya tu, na kimya hakina gharama. Ukifungua mdomo nafungwa mimi. Mke wangu na watoto watalala wapi? Wewe utafukuzwa, na hizo boriti zako zitatupwa jalalani. Mama Masizi ni mzee. Hakimu ataona ni mtu asiyejua, atamwachia. Na kama hatamwachia, hana mtoto, hana mume, hana anayemngojea.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi ndiye zimwi linalokujua. Lakini ukikanyaga kituo cha polisi nitakuvunja miguu kwa mikono yangu, na ujue sijawahi kukutishia maishani.

Choma.


Maabara, 11 Aprili

Kaka,

Nimemwona.

Nilisema mimi ni mtoto wa dada yake. Askari wa kike aliyekaa mlangoni alikuwa anakata kucha. Alinipa dakika kumi. Mama Masizi ni mdogo kuliko nilivyomwaza kutoka kwenye barua zako. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Mbavu zimefungwa. Taya limekazwa kwa waya, anakula kwa mrija, hawezi kutamka neno. Kuandika hajui. Kwa hiyo mshtakiwa wa kuua amelala pale na hana namna ya kujitetea isipokuwa mkono mmoja.

Na ameutumia mkono huo. Askari alinionyesha karatasi. Mpelelezi amekuja mara tatu kumuuliza, "Nani alikutuma uoshe?" Kila mara amegonga sikio lake mara mbili. Wameandika: mtuhumiwa analalamika maumivu ya sikio. Daktari amempima masikio, amempa dawa ya matone. Wanamtia matone asubuhi na jioni, kaka, na yeye anaendelea kugonga.

Nilipokaa kitandani alinigongea na mimi. Nikamwambia, "Namjua, mama. Ni kaka yangu."  Kisha akakunja ngumi ya mkono wa kushoto, akaileta polepole mpaka kwenye taya lake, upande wa kulia. Akaigandisha hapo.

Nimezungumza na daktari. Majeraha mengine yote yametoka juu, pembeni na nyuma, yamepishana ovyo. Ni ya watu wengi. Taya lilivunjika kwa pigo moja, kutoka mbele, kwa ngumi tupu, kutoka kwa mtu aliyesimama karibu anamwangalia usoni. Mimi natazama nyufa kila siku ya maisha yangu. Pigo lililolengwa halifanani na vurugu.

Wangapi hapo kiwandani wanatumia mkono wa kushoto?

Mdogo wako


Kiwandani, 15 Aprili

Mdogo wangu,

Mmoja.

Nilikuwa nimeshamlaza Sultani chini. Watu kama arobaini walikuwa wamemzunguka Mama, wana makoleo, lakini hakuna aliyekuwa amemgusa. Walikuwa wanapiga kelele tu, naona midomo. Bado walikuwa wanaogopa kuanza. Unajua mtu mzima wa kike, anayekuita mwanangu kila asubuhi, si rahisi kumpiga wa kwanza.

Yeye hakukimbia. Alikuwa ananitafuta kwa macho. Aliponiona uso wake ukalegea, kama mtu aliyepotea sokoni akamwona wa kwao. Akainua mkono kuelekea sikioni. Aligonga mara moja. Angegonga ya pili wote wangegeuka kuniangalia.

Nilimpiga tayani. Nilihisi mfupa ukikatika kwenye vidole vyangu, wewe unaijua sauti hiyo, mimi nina vidole tu. Alipoanguka, wengine wakaingia. Walikuwa wanangoja mtu awafungulie, nikawafungulia. Nilisimama nikatazama mpaka polisi walipokuja. Kulikuwa na damu kwenye ngumi yangu na kila mtu alidhani ni ya Sultani. Walinipa pole.

Silali. Sultani nikimfikiria nalia, lakini yeye siyo anayenikesheza. Kinachonikesheza ni ule uso wa Mama ulivyolegea aliponiona.

Sasa unajua, na hakuna mwingine anayejua. Fanya unavyoona, lakini kumbuka nilikubeba mgongoni kutoka ghalani siku ile, ukiwa huna viatu.

Sikio


Maabara, 23 Aprili

Kaka,

Wakaguzi wamekuja leo. Boriti ya kwanza ilipigwa mara sitini. Mmoja wao alivua koti akaomba kuvuta mnyororo mwenyewe, akapiga kumi zaidi, anacheka kama yuko kwenye maonyesho. Haikukatika. Wakapeana mikono. Profesa akanitafuta ili nieleze, lakini nilikuwa nimeshatoka.

Nilikwenda kwa mpelelezi. Nimempa barua zako zote tano, na ile ya tarehe 15 juu kabisa. Alisoma mbele yangu. Alipofika kwenye sikio aliacha kusoma, akafungua faili akatazama maneno yao wenyewe kuhusu matone. 

Nakumbuka mgongo wako. Nakumbuka jasho lake na kwamba uliniambia nifumbe macho. Sikusahau nilipokuwa napanda ngazi za kituo, na nilipanda.

Barua zangu unazo wewe. Zichukue, ile ya tarehe 18 Machi hasa, uende nazo mwenyewe kabla hawajaja kukuchukua. Mtu akienda kwa miguu yake husikilizwa tofauti. Na ile ni ushahidi dhidi yangu, lazima waione. Nimewaambia kwa mdomo kwamba mimi ndiye niliyesema usisubiri jua. Mpelelezi akasema, "Dada, mdomo ni mdomo. Lete karatasi."

Mdogo wako


Mahabusu, 27 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikwenda kwa miguu yangu, kama ulivyotaka. Mke wangu alinisindikiza mpaka getini, kisha akanitemea mate kwa ajili ya Mama Masizi, kisha akanifuta kwa kitambaa chake. Ndiyo alivyo.

Barua zako nimewapa. Zote isipokuwa ya tarehe 18 Machi na zile zinazoitaja. Hizo nilizitia kwenye tanuri kabla sijaondoka. Usinipigie kelele, hata ungekuwa hapa nisingesikia.

Wewe uliandika neno moja ukiwa mbali, na ukakosea. Mimi nilikuwa pale. Nilijua mabaki yamelowa, mkono wangu ukiwa ndani yake. Nilisema ndiyo. Na ngumi haikutoka maabara. Siwezi kukuacha usimame kizimbani kando yangu tukagawana kama mkate. Niachie changu.

Mlinzi wa hapa amegundua sisikii. Ananiita kwa kurusha vijiwe. Nimemfundisha ishara.

Kaka yako


Maabara, 16 Mei

Kaka,

Ulichofanya nimekichukia, na nimekwenda mara mbili zaidi kwa mpelelezi kuhusu barua ulizochoma. Mara ya pili alinipa kiti na chai, akaniambia niende nyumbani. Nimemwandikia Profesa kila kitu badala yake. Jina langu limeondolewa kwenye kazi ya boriti kwa muda, mpaka wakae kikao. Boriti zenyewe zitajengwa. Hilo ndilo nililotaka, na nililipata.

Mama Masizi ameachiwa leo. Waya zilitolewa juzi. Nilimngoja kwenye geti la hospitali tangu asubuhi. Alitoka na mfuko wa nailoni, anatembea kwa kuegemea upande mmoja, shavu la kulia limebonyea. Aliponiona alisimama.

"Wewe si wa dada yangu," alisema. Maneno yanatoka yamebanwa, kama yanapita chini ya mlango. "Dada yangu hakuzaa."

"Hapana, mama. Mimi ni wa boriti."

"Wewe ndiye uliyetaka zije zimelowa."

Nilidhani nitamweleza mimi. Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu, nimepanga na pa kuanzia. "Nani alikwambia?"

"Alinisomea barua yako, kaka yako. Anazisoma kwa sauti kubwa, kiziwi yule, hata mimi najua mwaka gani ulitoka jino." Alivuta pumzi, mbavu bado zinamuuma. "Nilimwambia mabaki je. Nilimwambia mara mbili. Na kwa mpelelezi wangenipa ulimi siku ile, nisingekutaja wewe. Ningemtaja yeye. Wewe sikukujua."

"Ni kosa langu, mama. Nimekuja kusema hivyo. Nimewaambia na wao, hawaandiki."

Akaweka mfuko chini. Akanipiga kofi. Kwa mkono wa kushoto, ule mzima, kwa nguvu ambayo sikudhani imebaki mwilini mwake. Kichwa kiligeuka, nikaona geti, nikaona wauza matunda wameacha kupima. Nilisikia ladha ya damu. Askari wa getini alipiga hatua kuja, Mama akamnyooshea kidole asimame.

Nilingoja la pili. Lilikuwa haki yake, na lingekuwa rahisi kuliko hili lililofuata. Hakupiga. Aliuinua mfuko wake kutoka chini akanikabidhi.

"Beba," alisema. "Ni mbali, na mimi siongei njiani."

Nikabeba.

Mdogo wako